Kabla ya Namugongo, Anzia Ziwani

Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni nchi yetu hufunga ofisi na shule, na barabara zote ziendazo Namugongo hujaa watu. Wamo waliotembea kwa siku nyingi kutoka magharibi mwa nchi. Wamo waliovuka mipaka kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Na tumo sisi wakazi wa Kampala, ambao safari yetu yote ni bodaboda hadi Kyaliwajjala na mwendo mfupi wa miguu. Miaka michache iliyopita nilikuwa nimeliandalia darasa langu insha juu ya sikukuu hiyo, mwanafunzi mmoja Mwislamu akasimama na kuniuliza: "Mwalimu, hii ni sikukuu ya Wakristo au ni ya Uganda?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Uganda haitakuwa na dini ya serikali. Kwa nini basi taifa zima lisimame kwa ajili ya waumini waliouawa? Jibu tulilitafuta kwa miguu, na njia tuliyopita ndiyo ninayotaka kukuonyesha.

Watu wengi huanzia Namugongo na kuishia hapohapo. Nakusihi uanzie Munyonyo, ufukoni mwa ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale na ramani huliita Victoria. Siku hizi Munyonyo ni mahali pa hoteli kubwa, mikutano ya marais na harusi za wenye nacho. Mwaka 1886 palikuwa na lubiri, yaani kasri, la Kabaka Mwanga. Tarehe 25 Mei mwaka huo Kabaka alirudi kutoka kuwinda viboko akiwa amekosa mawindo, akawakuta vijana wake wa kasrini hawapo mahali pao. Alipouliza, akaambiwa kwamba Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mwana wa Katikkiro. Kabaka akamchoma Ssebuggwawo kwa mkuki, na kesho yake kijana huyo akamaliziwa. Usiku ule Charles Lwanga, kiongozi wa wahudumu hao, aliwabatiza kwa siri wale ambao walikuwa bado hawajabatizwa, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kumi na minne hivi. Asubuhi wakaitwa barazani, wakatakiwa waseme nani anasali. Waliosema wanasali wakafungwa kamba. Hapakuwa na shtaka lililoandikwa, hapakuwa na mtetezi, wala hapakuwa na mtu wa kukatia rufaa.

Hapa niruhusu nigeukie somo langu kidogo. Waumini wale hawakuitwa Wakristo kwanza. Waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na hata leo katika Kiganda anayekwenda kanisani husemwa amekwenda kusoma. Walisoma nini? Katika miaka ya mwanzo walisoma Kiswahili. Alexander Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878, alifundisha kwa vitabu vya Kiswahili kabla Injili haijachapishwa kwa Kiganda, na Kabaka Mutesa mwenyewe alikijua Kiswahili kwa sababu wafanyabiashara wa pwani walikuwa barazani tangu enzi ya baba yake, Ssuuna. Nalisema hili kwa wale wenzangu ambao bado wananiambia kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Kabla ya askari kukishika, kilikuwa lugha ya kitabu katika kasri la Buganda.

Na wafanyabiashara hao hawakuleta lugha tupu. Walileta Uislamu, na ndipo swali la mwanafunzi wangu linapoanza kugeuka. Mutesa alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, akajenga msikiti kasrini na kuwaamuru watu wasali. Lakini vijana wake waliosoma wakagundua kwamba mfalme hajatahiriwa, na kwamba msikiti wa kasri haukuelekea kibla sawasawa. Wakakataa kusali nyuma yake, wakakataa na nyama yake. Kwa kosa hilo, katikati ya miaka ya 1870, makumi ya Waislamu waliuawa. Mahali walipouawa ni Namugongo. Nilipomweleza kijana yule, alikaa kimya kwa muda, kisha akasema hakuna aliyewahi kumwambia. Nilipokuwa na umri wake, hata mimi hakuna aliyeniambia.

Turudi njiani. Kutoka Munyonyo wafungwa walipelekwa kwa miguu kupitia Mengo, na ukiifuata njia yao leo utapita katikati ya pilikapilika za mji bila kujua unakanyaga nini. Nakivubo, palipo uwanja wa mpira na soko, ndipo Joseph Mukasa Balikuddembe alipouawa tarehe 15 Novemba 1885, kwa kuwa alithubutu kumlaumu Kabaka kwa kuuawa kwa Askofu James Hannington. Hapohapo Nakivubo, tarehe 27 Mei 1886, aliangushwa Athanasius Bazzekuketta. Panda kutoka hapo hadi Old Kampala. Huko Matia Mulumba alikatwa viungo akaachwa afe polepole, na leo katika eneo hilohilo lipo kanisa lenye jina lake na upo Msikiti wa Taifa. Panda mnara wa msikiti ukiweza. Kutoka juu utauona mji wote, na siku isiyo na ukungu utaliona ziwa ulikotoka. Mlima huohuo ndipo Kapteni Lugard alipojenga ngome yake mwaka 1890. Januari 1892, miaka isiyotimia sita baada ya Namugongo, wafuasi wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki walipigana hapa Mengo, na bunduki ya Maxim ya Lugard ikaamua nani ashinde. Waliounguzwa pamoja waliacha nyuma ndugu waliouana. Siku ya tarehe 3 Juni hutaisikia habari hiyo mimbarini, nami sioni kwa nini tuifiche.

Namugongo yenyewe huhitaji siku nzima. Wako mashahidi 45 wanaojulikana kwa majina, 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana, waliouawa mahali mbalimbali kati ya Januari 1885 na Januari 1887. Wengi wao walichomwa moto Namugongo siku moja, tarehe 3 Juni 1886. Lwanga alichomwa peke yake, kwa moto wa polepole, na juu ya mahali hapo limejengwa kanisa la Kikatoliki. Mchoro wake ni wa Justus Dahinden, Mswisi, aliyelipa umbo la nyumba ya Kiganda, lenye nguzo 22 kwa hesabu ya watakatifu. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu mwaka 1964, na katika ibada hiyohiyo akawataja na Waanglikana. Mwaka 1969 akaja mwenyewe, papa wa kwanza kuikanyaga Afrika akiwa katika cheo hicho. Ukitoka hapo, usiishie penye maji ya ziwa dogo la kuchimbwa ambako watu hujaza vibuyu vyao. Nenda hadi Nakiyanja, upande wa Waanglikana. Huko kuna makumbusho yenye sanamu za wauaji na wafungwa, zilizotengenezwa kwa ukweli wa kutisha. Wanafunzi wangu wawili walitoka nje kabla ya mwongozaji kumaliza.

Sasa Mwanga. Ni rahisi kumchora kama zimwi, na vitabu vingi vya wamisionari, ambavyo ndivyo chanzo chetu kikuu, vilifanya hivyo. Vinataja hasira yake kwa vijana waliokataa matakwa yake ya mwili, nami siwezi kulipinga hilo. Lakini alikuwa kijana asiyetimiza miaka ishirini, aliyerithi kiti mwaka 1884, wakati Wajerumani walipokuwa wakijinyakulia ardhi upande wa pwani. Uvumi ulisema kwamba wanaokuja kutoka mashariki ndio watakaoimeza Buganda, na Hannington alikuja kwa njia hiyohiyo. Aliwaogopa wageni, akawaua watoto wa nyumbani. Mwaka 1897 Mwanga huyohuyo aliinua silaha dhidi ya Waingereza, akakamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, akafa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 akiwa amebatizwa jina la Daniel. Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1910, nayo iko Kasubi, kando ya baba yake. Jumba la makaburi hayo liliungua Machi 2010 na limejengwa upya. Maliza ziara yako huko. Utasimama mbele ya kaburi la mtu ambaye wengine humwita muuaji na wengine mpigania uhuru, na yote mawili ni kweli.

Ukitaka kutembea kwa utulivu, usiende tarehe 3 yenyewe. Nenda wiki moja kabla, karibu na tarehe 26 Mei, ambapo hata tarehe zitakwenda na hatua zako. Vaa viatu ulivyovizoea. Beba maji, na chapati mbili za mayai zitakutosha hadi Kyambogo.

Darasa langu lilipofika Namugongo, ilikuwa saa ya alasiri. Kijana yule akaniomba ruhusa aende msikitini. Wenzake, ambao waliwahi kumcheka, wakavua mabegi wakakaa chini ya mti kumngoja. Aliporudi, miguu ingali na maji ya udhu, akatoa daftari akaniuliza majina ya Waislamu waliouawa hapo, ili ayaandike kando ya yale 45. Sikuwa nayo. Akaacha nusu ya ukurasa bila kuandika kitu, akapiga mstari chini ya jina la Kizito, tukaendelea na safari kuelekea Nakiyanja.