Mizizi Iliyotoka Mbali

Somo letu la leo ni habari za mzabibu, mti ambao wengi wetu hapa Kapsoit tunausoma katika Injili ya Yohana, sura ya 15, bila kuuona shambani. Sisi ni watu wa chai. Chai hupenda mvua yetu, lakini mvua hiyo hiyo ni adui wa mzabibu. Mimi mwenyewe nilipanda mmoja nyuma ya nyumba ya mchungaji. Ulimea vizuri, kisha majani yakatoka madoa ya manjano, chini yake yakaota unga mweupe, na vichala vikaoza kabla ya kuiva. Huo ndio ukungu.

Mahali mzabibu ulipopata makao mema ni Dodoma, Tanzania, ambako wamisionari Wakatoliki waliupanda huko Bihawana mwaka 1957. Nchi ile ni kavu, na mkulima akipogoa kwa wakati wake huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu nyekundu hupondwa na kuachwa pamoja na maganda yake, ili divai ipate rangi. Hamira hula sukari na kuigeuza kuwa kileo. Kazi hiyo ikiisha, chombo hufungwa vizuri, maana hewa ikiingia divai hugeuka siki.

Sasa sikilizeni mambo yaliyotukia Ufaransa. Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini ilianza kukauka, na hapana aliyejua sababu. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea, Jules-Émile Planchon, pamoja na wenzake, walichimba mizabibu iliyokufa wasione kitu. Walipochimba iliyokuwa bado hai, wakakuta mizizi imejaa vijidudu vidogo mno, vikifyonza utomvu. Mdudu huyo, filoksera, alikuwa amefika pamoja na miche kutoka Marekani.

Watu wakatia sumu ardhini, wengine wakafurikisha mashamba kwa maji. Ndipo ikaonekana kwamba mizabibu ya Marekani imemzoea mdudu huyo, wala mizizi yake haifi. Dawa ikawa kuunga tawi la Kifaransa juu ya shina la Kimarekani. Wengi walikataa. Je, mzabibu wa baba zetu usimame juu ya mizizi ya nchi iliyotuletea msiba? Miaka ikapita katika ubishi huo, na jamaa nyingi zikafilisika. Mwishowe walikubali, na hata leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ufaransa imesimama juu ya mashina ya namna hiyo. Tena tawi halikupoteza asili yake. Huzaa zabibu zile zile za kwao.

Ndugu zangu, sisi wa Kericho tunakumbuka mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, majirani walipokimbiana na nyumba zikachomwa. Baadaye wengine walirudi. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba hawezi kupokea hata kikombe cha chai mkononi mwa jirani yake aliyerudi, kwa kuwa watu wa kabila lile walimwumiza. Sikumkemea, maana uchungu wake ulikuwa wa kweli. Nilimsimulia tu habari hii ya mizabibu, naye akanyamaza kimya. Mpaka sasa hajaenda kwa jirani yule, lakini ameacha kusema kwamba hawezi.

Msikilizaji, huenda nawe unangoja msaada kutoka upande unaoupenda, huku Mungu ameuweka upande ule uliokuumiza. Usikawie kama wale wakulima. Anayeunga matawi ni Bwana mwenyewe, naye anajua shina linalofaa.

Mungu awabariki nyote. Amina.