Beit el Amani

Beit el Amani ni jengo dogo la makumbusho lililoko Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe, Unguja. Lilichorwa na John Houston Sinclair, Mwingereza aliyekuwa Balozi Mkazi wa Zanzibar, kwa kumbukumbu ya Vita Vikuu vya Kwanza, likafunguliwa mwaka 1925.

Uzuri wake uko juu: kuba kubwa jeupe linalozungukwa na makuba madogo, hata mgeni hulidhania jengo hilo kuwa msikiti. Kuta zake zina pande sita, na madirisha ya nakshi huingiza mwanga mpole ndani. Miongoni mwa vitu vilivyowahi kuoneshwa humo ni sanduku la dawa la David Livingstone. Jengo la viumbe asilia liliongezwa jirani mwaka 1930.

Miaka ya 2000 sehemu ya hazina ya makumbusho hayo ilihamishiwa Beit al Ajaib, jumba jingine kongwe la Mji Mkongwe. Huko, tarehe 25 Desemba 2020, upande wa mbele wa jumba uliporomoka na kuua watu. Msiba huo ni onyo tosha: nyumba kongwe za Unguja huliwa na unyevu wa bahari, na zinahitaji ukaguzi na ukarabati wa mara kwa mara kabla nyufa hazijapanuka. Beit el Amani inastahili uangalizi huohuo.