Nairobi uwanja ulilindwa mbele ya jiwe kuwekwa

Ndugu wanachama, hapa Nyunzu swali moja linarudi kila mara tukikaa pamoja: tutawakumbuka namna gani wafu wetu wa vita? Wengine wanataka jiwe lenye majina. Wengine wanaogopa maneno yatakayoandikwa juu yake. Habari ya Nairobi inaweza kutusaidia.

Kule katikati ya mji kuna Uhuru Park, uwanja wa majani na miti uliofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kilitaka kujenga pale nyumba ya ghorofa 60. Mama Wangari Maathai akaandika barua huku na kule, hata kwa balozi wa Uingereza. Wabunge walimcheka, lakini wafadhili wakaingiwa na wasiwasi, na ghorofa halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakakaa pale bila kula, polisi wakawapiga. Tangu hapo kona ile inaitwa Freedom Corner, ndiyo kusema Kona ya Uhuru. Mwaka 1999 yeye mwenyewe alipasuliwa kichwa na walinzi wa kukodiwa kwenye msitu wa Karura, pembeni ya mji, ambako wanasema Mau Mau walijificha mapangoni. Msitu ule pia ulikuwa umegawiwa wajenzi. Leo bado uko.

Sasa angalieni tarehe. Mau Mau, waliopigana na Waingereza miaka ya 1950, walibaki kundi lililokatazwa na sheria mpaka 2003, miaka 40 nyuma ya uhuru! Na vita ile iligawa hata familia: huyu msituni, ndugu yake askari wa Wazungu. Sanamu yao ilikuja tarehe 12 Septemba 2015, palepale Kona ya Uhuru. Ni mwanamke anampa mpiganaji chakula, na hawaangaliani, ili akikamatwa mmoja asimtaje mwenzake. Kama ghorofa lingesimama pale, sanamu ingewekwa wapi?

Kwetu, tarehe 30 Aprili 2015 wapiganaji Baluba walishambulia kambi ya wadeplase Batwa mjini Nyunzu. Watu wasiopungua 30 waliuawa, kambi ikachomwa. Naandika wazi, juu wote tunajua. Baluba nao wana vijiji vyao vilivyochomwa, na makaburi yao. Kupatana juu ya maneno ya jiwe kutachukua miaka, pengine watoto wetu ndio watayaandika. Lakini parseli haingoji. Mtu akishapata karatasi na kupanga matofali, basi, imekwisha.

Kwa hiyo naomba kamati iandikie administrateri wa teritware na ofisi ya kadastre, barua moja yenye saini za Batwa na za Baluba, ili pahali hapo papimwe na paandikwe kuwa pa watu wote, pasiuzwe. Miembe inaweza kupandwa mvua ikianza. Jina la pahali tuliache kwanza.