Vifaa vya Kuzuia Kukoroma Bila Upasuaji

Vifaa vya kuzuia kukoroma bila upasuaji ni zana zinazobandikwa, kuvaliwa, kung'atwa au kuunganishwa na mwili, kwa kawaida wakati wa kulala, ili hewa ipite kooni bila kuleta mlio. Kundi hili ni pana. Linaanzia kwenye utepe wa puani unaouzwa duka la dawa hadi mashine ya umeme inayosukuma hewa usiku kucha. Havikati nyama wala havipandikizwi, na mtu akiviacha koo lake hurudi lilivyokuwa. Ndiyo maana havihesabiwi pamoja na upasuaji wa kimio na kaakaa, wala pamoja na kichocheo cha mshipa wa fahamu wa ulimi kinachopandikizwa kifuani, ambacho Marekani ilikiidhinisha mwaka 2014.

Kinachotikisika

Sehemu ya koo iliyo nyuma ya pua na ulimi haina mfupa wala gegedu la kuizunguka. Mtu akiwa macho, misuli ndiyo inayoishikilia wazi. Akilala, misuli hulegea, njia husinyaa, hewa hulazimika kupita kwa kasi zaidi, na kasi hiyo hupunguza msukumo wake ukutani hata kuta zikavutwa ndani. Kaakaa laini, kimio, kuta za koo na shina la ulimi huanza kutikisika, na mtikisiko huo ndio mkoromo. Pombe, dawa za usingizi, mafuta yaliyojaa shingoni, pua iliyoziba, taya dogo la chini na kulala chali, kila kimoja huongeza kubanwa huko kwa njia yake.

Wakoromaji wawili wanaotoa sauti ileile wanaweza kuwa wamebanwa mahali tofauti kabisa, mmoja puani na mwingine nyuma ya ulimi. Kifaa kinachomfaa wa kwanza hakitamsaidia wa pili hata kikiwa cha bei ghali. Malalamiko mengi ya wanunuzi kwamba "vifaa hivi havifanyi kazi" huanzia hapo.

Mlio na ugonjwa

Wapo wanaokoroma maisha yao yote na damu yao ikabaki na oksijeni ya kutosha. Anayeteseka ni anayelala nao. Kwa wengine njia ya hewa hufunga kabisa. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka, ubongo humshtua mwenyewe bila yeye kujua, naye huvuta hewa kwa mkoromo mkubwa kisha mambo huanza upya. Hali hii huitwa apnia ya usingizi. Hupimwa kwa kuhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi hukatika au kupungua: kuanzia 5 ni nyepesi, kuanzia 15 ni ya wastani, na kuanzia 30 ni kali. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine yaliweka watu wenye hali hiyo, wa umri wa miaka 30 hadi 69, kuwa karibu milioni 936 duniani. Huambatana na shinikizo la damu, usingizi wa mchana na ajali za barabarani.

Kifaa kinaweza kunyamazisha mlio huku pumzi ikiendelea kukatika. Kimya hicho humfariji mke au mume, ambaye mara nyingi ndiye shahidi pekee wa ugonjwa. Kwa hiyo mtu anayekoroma kwa nguvu, anayeonekana akikosa pumzi usiku, anayeamka na maumivu ya kichwa au anayesinzia kwenye usukani, hana budi kupimwa kwanza, hospitalini au kwa kipimo cha nyumbani kinachorekodi pumzi, mapigo ya moyo na oksijeni. Programu za simu zinazorekodi mikoromo husaidia kumwonyesha mtu jinsi alivyolala, lakini hazipimi oksijeni.

Vifaa vya puani

Utepe wa kubandika juu ya pua una vipande vyembamba vya plastiki vinavyotaka kunyooka. Vikinyooka, huvuta mbavu za pua nje na kupanua mlango wake. Ulibuniwa na Bruce Johnson wa Minnesota, Marekani, aliyekuwa na pua iliyopinda kwa ndani pamoja na mzio. Ukauzwa kwa jina la Breathe Right baada ya kuruhusiwa mwaka 1993. Kilichoupa umaarufu hakikuwa utafiti wa usingizi. Wachezaji wa mpira wa Kimarekani walianza kuuvaa uwanjani, na Jerry Rice wa San Francisco 49ers akaonekana nao katika fainali ya Super Bowl ya Januari 1995. Baadaye hata farasi wa mashindano wakatengenezewa wa kwao. Mwaka 2014 ilibidi wasimamizi wa mbio za New York watoe ruhusa kabla farasi California Chrome hajakimbia na utepe puani.

Zipo pia springi ndogo za kuingizwa ndani ya tundu za pua, mojawapo ikiwa Nozovent ya Sweden. Vyote viwili humfaa mtu ambaye tatizo lake liko puani: mafua, mzio, au mbavu za pua zinazolala anapovuta hewa. Havifiki kwenye kaakaa wala ulimi, na havitibu apnia. Njia rahisi ya kujipima ni kuweka vidole mashavuni kando ya pua na kuivuta ngozi nje taratibu huku ukivuta hewa. Ukiona hewa inapita vizuri zaidi, huenda utepe utakufaa. Mwenye mzio hupata nafuu zaidi kwa kutibu mzio wenyewe.

Kulala ubavu

Mtu akilala chali, uzito wa ulimi na taya hurudi nyuma kuelekea koo. Mwaka 1984 mtafiti Rosalind Cartwright wa Chicago alionyesha kwamba katika wagonjwa aliowachunguza, pumzi ilikatika takriban mara mbili zaidi walipolala chali kuliko walipolala ubavu. Dawa ya kienyeji ya Wazungu ilikuwa kushona mpira wa tenisi mgongoni mwa nguo ya kulalia. Hufanya kazi kwa maana ya kwamba chali hakulaliki. Usingizi wenyewe ndio unaoharibika. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba baada ya miaka kama miwili na nusu, chini ya mmoja kati ya 10 walioshauriwa mbinu hiyo ndio bado walikuwa wakiitumia. Siku hizi mahali pa mpira pameshikwa na kifaa kidogo cha shingoni au kifuani kinachotambua mkao na kutetemeka mvaaji anapogeuka chali, mpaka ageuke ubavu bila kuamka. Kuinua kichwa cha kitanda nako huwasaidia baadhi ya watu. Kurundika mito miwili mitatu ni jambo jingine: hukunja shingo na mara nyingine huibana njia zaidi.

Taya na ulimi

Hili ndilo kundi lenye ushahidi mzuri kuliko yote yasiyotumia umeme. Wazo lake ni la zamani. Pierre Robin, daktari wa kinywa wa Paris, alieleza mwaka 1923 jinsi watoto wachanga wenye taya dogo la chini wanavyozibwa koo na ulimi wao wenyewe, na alikuwa akitumia kifaa cha kulisogeza taya mbele. Vifaa vya sasa ni vibao viwili vya plastiki, kimoja cha meno ya juu na kingine cha meno ya chini, vilivyoungwa hivi kwamba taya la chini hukaa mbele kwa milimita kadhaa. Taya likisogea, ulimi hulifuata kwa kuwa umeshikana nalo, na tishu za pembeni mwa koo hukazwa.

Vya bei nafuu hulainishwa kwenye maji ya moto, vikang'atwa na kuachwa vigande kwa umbo la meno. Vizuri zaidi hutengenezwa na daktari wa meno kwa kipimo cha mdomo wa mtu na husogezwa hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, kwa kawaida hadi kati ya nusu na robo tatu ya umbali ambao taya linaweza kwenda mbele. Tofauti ya bei ni kubwa, lakini cha kuchemsha hulegea, hubanduka usiku na hakirekebishiki kwa usahihi. Mwaka 2015 vyama vya Marekani vya tiba ya usingizi na ya meno vilipendekeza kifaa cha kipimo kwa watu wazima wanaokoroma bila apnia, na pia kwa wenye apnia walioshindwa kuvumilia mashine ya hewa.

Gharama yake mwilini haifichiki. Siku za mwanzo mate hujaa, au mdomo hukauka, na viungo vya taya huuma asubuhi. Baada ya miaka meno huweza kuhama kidogo hata mtu akauma tofauti na zamani. Mwenye fizi zinazooza, meno yanayolegea, meno ya bandia ya kuvua au ugonjwa wa kiungo cha taya kwa kawaida hafai kukitumia.

Kwa asiye na meno ya kutosha kipo kikombe laini kinachoshika ncha ya ulimi kwa mfyonzo na kuiweka mbele ya meno. Kilibuniwa na Charles Samelson wa Chicago, na mwaka 1982 yeye na Cartwright wakatoa matokeo yake katika jarida la JAMA. Hufanya kazi, ila ulimi kuvutwa usiku kucha ni adha ambayo wengi hawaizoei.

Mashine ya hewa

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgonjwa wa apnia kali alikuwa na tiba moja ya uhakika, nayo ni kutobolewa koo. Mwezi Juni 1980 mgonjwa wa namna hiyo alifika kwa Colin Sullivan, daktari wa mjini Sydney, Australia. Hakutaka kutobolewa, akakubali kujaribiwa kitu ambacho hakijawahi kujaribiwa kwa ajili hiyo: hewa ya kawaida isukumwe puani kwa nguvu ndogo isiyokatika, ili iwe nguzo ya kuzizuia kuta za koo zisianguke. Mashine za awali zilikuwa na mota ya kifyonza vumbi na kinyago kilichogandishwa usoni kwa silikoni. Sullivan alipouongeza msukumo, pumzi ikaacha kukatika. Akaupunguza, ikakatika tena. Matokeo ya wagonjwa watano yakachapishwa katika The Lancet mwaka 1981. Teknolojia hiyo, inayojulikana hospitalini kwa herufi CPAP, ndiyo iliyozaa kampuni ya ResMed.

Mashine za leo hutoa msukumo wa sentimita 4 hadi 20 za maji, na nyingi hujirekebisha zenyewe usiku. Ndicho kifaa pekee katika makala haya kinachotegemewa kwa apnia kali, na mkoromo nao hukoma kwa kawaida usiku uleule wa kwanza. Udhaifu wake ni mvaaji. Kinyago hubana, hewa huvuja machoni, pua hukauka, na wengine huhisi wamefungiwa. Medicare, bima ya serikali ya Marekani, humhesabu mtu kuwa anaitumia ipasavyo akiivaa saa 4 tu kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku za mwezi. Katika utafiti mkubwa wa SAVE wa mwaka 2016, uliohusisha watu 2,717, wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3, na mashine haikupunguza mishtuko ya moyo wala kiharusi. Usingizi wa mchana ulipungua na hali ya maisha ikawa bora. Wengi wamelichukua jibu hilo kuwa dosari ya mashine. Kwa maoni ya mwandishi, dawa inayotumiwa nusu ya usiku haijapimwa sawasawa.

Pigo lingine lilikuja Juni 2021, kampuni ya Philips ilipotangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake iliweza kumomonyoka na mvaaji akavuta chembe zake.

Kwa mahali ambapo umeme hukatika, jambo la kuulizia dukani ni kama mashine inakubali betri ya volti 12 au 24. Nyingi ndogo hukubali. Kinachokula umeme zaidi ni kichemshio cha unyevu, na katika hewa ya pwani mara nyingi kinaweza kuzimwa. Kinyago huoshwa kwa sabuni kila siku.

Kuikaza misuli

Vipo vifaa vinavyotumika mchana. eXciteOSA, iliyoruhusiwa Marekani Februari 2021, hupitisha umeme mdogo kwenye ulimi kwa dakika 20 kila siku kwa wiki sita, kisha mara moja kwa wiki. Ni ya wakoromaji na wenye apnia nyepesi tu. Mwaka 2009 watafiti wa Brazili walionyesha kwamba mazoezi ya ulimi na kaakaa kwa miezi mitatu, bila kifaa chochote, yalipunguza apnia ya wastani. Nchini Uswisi watu 25 waligawanywa, baadhi wakafundishwa kupuliza didgeridoo, baragumu la wenyeji wa Australia, kwa miezi minne. Usingizi wa mchana ukapungua, na utafiti huo ukapewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2017.

Bidhaa zenye ushahidi hafifu

Mkanda wa kufunga kidevu, ukitumika peke yake, haukupunguza apnia wala mkoromo ulipojaribiwa mwaka 2014. Pete za kidole kidogo zinazodaiwa kubonyeza mshipa wa usingizi hazina msingi wa kitabibu. Kuziba mdomo kwa utepe wa gundi, mtindo ulioenea mitandaoni, ni hatari kwa mwenye pua iliyoziba au apnia isiyojulikana, maana humnyima njia ya pili ya kuvuta hewa.

Watoto

Vingi vya vifaa hivi vimetengenezwa kwa watu wazima. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, hasa akilala mdomo wazi na kujigeuzageuza, mara nyingi ana tezi za koo au tezi za nyuma ya pua zilizovimba. Kifaa cha dukani hakiziondoi tezi hizo. Mtoto huyo hupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, na tezi zikitolewa watoto wengi huacha kukoroma.