Kutoka Aqila mpaka Mwavuli: nyumba ya kawaida Marekani na bima ya dhima



Kila nikizungumza na watu wetu walioko Marekani juu ya hii inayoitwa bima ya mwavuli, jawabu huwa moja: "Ah, hiyo ya matajiri." Mie nasema siyo, na sababu zangu ni za historia zaidi kuliko za biashara. Mtanivumilia nikianzia mbali kidogo.

Neno bima limetujia kutoka Bara Hindi, na Wahindi wamelitoa kwa Waajemi. Kwa Kifarsi "bim" ni hofu. Lakini kabla neno halijafika pwani, jambo lenyewe, yaani watu wengi kubeba pamoja hasara ya mmoja, tulikuwa nalo katika fiqhi kwa jina la aqila. Mtu akiua kwa bahati mbaya, dia ni ngamia mia, na hailipi yeye peke yake. Wanalipa jamaa zake wa kiumeni, kwa miaka mitatu. Wasomali mpaka leo wana vikundi vyao vya kulipa "mag", na kila mwanamume anajua yumo kikundi gani. Na wanazuoni wa Kihanafi wanaeleza kwamba Sayyidna Umar, alipoandikisha majeshi katika diwani, aliihamisha aqila kutoka kwenye damu akaiweka kwa watu walioandikwa daftari moja. Hapo tayari si ukoo tena. Ni watu waliounganishwa na orodha na malipo.

Sasa tazameni hili, ambalo mie naliona ndiyo kiini cha mambo. Kwa Imam Malik na Imam Ahmad, aqila haibebi fidia ndogo. Inaanza kubeba inapofika theluthi ya dia. Chini ya hapo mkosaji ajilipie. Wahanafi nao wana kiwango chao, kidogo zaidi. Sisi Mashafi ndio tunaosema aqila inabeba dogo na kubwa. Basi ule mpango wa Malik na Ahmad, mtu abebe hasara ndogo na kundi libebe ile ya kumvunja mgongo, ndio hasa mpango wa bima ya mwavuli.

Tukaja ughaibuni tukaiacha aqila nyuma. Michango tunayo, alhamdulillahi. Mtu akifa Columbus au Minneapolis maiti inazikwa au inasafirishwa, na pesa zinapatikana kwa siku mbili. Lakini mchango wa msiba ni dola elfu kadhaa. Hakuna jamaa wala msikiti utakaochangisha dola laki tano kwa sababu kijana wako wa miaka 17 kamgonga mtu.

Na huku sheria haikukaa pale pale. Zamani kwa sheria ya Kiingereza, mgeni wa nyumbani aliichukua nyumba kama alivyoikuta. Akiteleza ni bahati yake. Waingereza wakaibadilisha kwa sheria ya bunge mwaka 1957. Marekani kesi mashuhuri ni ya California, Rowland na Christian, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya jimbo mwaka 1968. Kisa chake ni cha kawaida mno. Bibi mmoja mpangaji alikuwa na bomba la bafuni ambalo kishikio chake cha kauri kimepata ufa. Alikwishamwambia mwenye nyumba alibadilishe. Mgeni akaja, akaomba kutumia bafu, kishikio kikavunjikia mkononi, kikamkata mishipa. Mgeni akashtaki. Mahakama ya chini ikaitupa kesi, lakini Mahakama Kuu ikairudisha, ikasema hatutazami tena kama huyu ni mgeni au mteja au kaingia tu. Tunauliza kama mwenye mahali alichukua hadhari ambayo mtu mwenye akili angeichukua. Zingatieni, yule bibi hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji! Majimbo mengi yakaifuata hukumu hiyo, mengine nusu nusu. Mwaka 1984 New Jersey ikaenda mbali zaidi, ikasema aliyemnywesha pombe mgeni wake nyumbani, naye anajua mgeni ataendesha, anaweza kudaiwa na aliyegongwa. (Hilo wengi wetu halituhusu, inshaallah.)

Kwa hivyo dhima ikapanuka. Na kinga je? Hapa ndipo pa kusikitisha. California iliweka kiwango cha chini cha bima ya gari mwaka 1967: dola 15,000 kwa majeruhi mmoja, 30,000 kwa ajali nzima. Kiwango hicho kilibaki hivyo hivyo mpaka mwisho wa 2024, ingawa bei za vitu Marekani katika muda huo zimepanda zaidi ya mara tisa. Tangu Januari 2025 ni 30,000 na 60,000. Siku chache za hospitali, tena za chumba cha mahututi, zinaimeza pesa hiyo yote. Watu wetu wengi wananunua kiwango cha chini kwa sababu ndicho rahisi, na wanaamini kwamba "nina bima" maana yake nimesalimika. Wallahi sivyo. Bima inalipa mpaka kikomo chake, na kilichobaki kinakufuata wewe.

Kinafuata vipi? Sheria ya shirikisho ya 1968 inaruhusu mdai kukatiwa mpaka robo ya mshahara unaobaki baada ya kodi, ingawa Texas na majimbo machache hayaruhusu kukata mshahara kwa deni la namna hii. Nyumba nayo inategemea unakaa wapi. Texas inailinda nyumba ya kuishi hata ikiwa ya thamani kubwa. New Jersey haina kinga hiyo. Hukumu California inaishi miaka kumi, na inahuishwa. Ndiyo maana nasema hii si ya matajiri. Tajiri ana mawakili na mali iliyofichwa kisheria. Muuguzi na dereva wa lori, mwenye nyumba ya mkopo na watoto wawili chuoni, yeye ana mshahara tu, na mshahara ndio unaokamatika.

Mwavuli ulianza kwa makampuni, ukateremka majumbani. Unakaa juu ya bima ya gari na ya nyumba (au ya mpangaji), na kwa kawaida unaanzia dola milioni moja, kwa malipo ya dola mia chache kwa mwaka. Kampuni itakutaka kwanza upandishe bima za chini mpaka kiwango fulani, na ukiziacha zishuke, pengo unalijaza mwenyewe. Haugusi kosa la makusudi wala biashara. Anayeendesha teksi za simu au kupangisha chumba kwa wasafiri asidhani kafunikwa. Mara nyingi unagusa pia kesi za kuvunjiana heshima kwa maneno, jambo ambalo kwa sisi tunaopenda kubishana kwa maandishi si dogo.

Walioko Uingereza mambo yao mepesi zaidi: bima ya gari ni lazima tangu sheria ya 1930, na kwa majeruhi haina kikomo.

Yabaki la dini. Majma' ya Fiqhi ya Jeddah mwaka 1985 ilisema bima ya biashara ya malipo maalum ina gharar, hivyo haramu, na ikaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Kabla yake Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki 1836, alikwishaikataa bima ya mizigo ya baharini waliyokuja nayo wafanyabiashara wa Ulaya. Mie si mufti. Lakini Marekani kuna makampuni ya bima ambayo kisheria wenyewe ni wanachama wanaolipa. State Farm, iliyoanzishwa 1922 Illinois kwa ajili ya wakulima, ni moja. Hifadhi zao huwekezwa kwenye riba, hilo halifichiki. Je, umbo hilo liko karibu zaidi na diwani ya Umar au na biashara iliyokatazwa Jeddah? Ningependa masheikh wetu walioko huku walijibu hilo wakiwa na mkataba wenyewe mkononi, maana nimeona fatwa nyingi juu ya bima na chache zilizotoka kwa mtu aliyeusoma mkataba.

Wasalaam.