Kolelo wa Uluguru na riwaya za maajabu

Wazaramo walikuwa wakipanda milima ya Uluguru kumwomba Kolelo mvua. Huyu ni mzimu wa pangoni, na ilisemekana ana umbo la nyoka mkubwa. Mwaka 1905 habari zilizoshuka kutoka huko zilikuwa nzito kuliko za mvua: Kolelo amekataza Wajerumani wasilipwe kodi. Julai mwaka huohuo, Vita vya Maji Maji vikaanza Umatumbi.

Uhalisia mazingaombwe wa riwaya ya Kiswahili, yaani kuyasimulia maajabu kama mambo ya kawaida, mara nyingi huelezwa kuanzia Amerika ya Kusini, jina la García Márquez likitangulia. Naona tunaruka nyumbani. Hata Alejo Carpentier wa Cuba, katika riwaya yake ya mwaka 1949 kuhusu Haiti, alijengea juu ya imani ya watumwa kwamba Mackandal, kiongozi wao aliyechomwa moto na wakoloni, aliponyoka.

Kwetu alikuwapo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa Maji Maji aliyewaahidi wapiganaji kwamba maji yake ya dawa yangewakinga na risasi. Wazee waliohojiwa na mwanahistoria Gilbert Gwassa miaka ya 1960 walisimulia kwamba pepo alimzamisha majini, na kesho yake akaibuka nguo zake zikiwa kavu. Ebrahim Hussein hakuyadharau masimulizi hayo. Katika tamthilia yake Kinjikitile ya mwaka 1969 aliyaweka bega kwa bega na kodi, viboko na shamba la pamba. Maji hayo hayakuzuia risasi, na Kinjikitile wa historia alinyongwa Agosti 1905. Wa jukwaani anatakiwa aikane kauli yake, naye anakataa: akiikana, Mjerumani atawaambia watoto wa kesho kwamba kupigana lilikuwa kosa. Kwangu mimi, hapo ndipo fasihi yetu ilipoyapa maajabu uzito wa ushahidi.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikwenda mbali zaidi kwa Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba ambamo wakati hauna mpangilio na wafu wanazungumza. Ni vigumu kusoma, lakini vinastahili jasho.

Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed akatoa Babu Alipofufuka. K, mkubwa aliyelewa madaraka, anajiwa na marehemu babu yake na kuchukuliwa akaone nchi iliyofukarishwa. Mohamed hapotezi maneno kueleza mfu huyo ametokaje kaburini. Anawaandikia watu wanaojua kwamba babu, hata akifa, bado ana haki ya kumwuliza mjukuu amefanya nini na mali ya watu.