Mapigano Yasiyopiganwa

Swali la nani angalimshinda nani ni la kale kama michezo yenyewe. Bingwa huzeeka akaacha ulingo, na nyuma yake huzuka mwingine ambaye sifa zake hupimwa kwa sifa za aliyetangulia. Barazani wazee humtetea shujaa wa ujana wao, na vijana humtetea shujaa wa siku zao. Wala hapana mwamuzi awezaye kuwapatanisha, maana wale wawili hawakupata kukutana. Katika mwaka wa 1967 mtu mmoja wa Marekani alidai kuwa mwamuzi huyo amepatikana. Hakuwa mwanadamu, bali mashine.

Mtu huyo aliitwa Murray Woroner, naye alikuwa mtengenezaji wa vipindi vya redio katika mji wa Miami. Aliwachagua mabingwa 16 wa ngumi wa uzito wa juu, tangu John L. Sullivan wa karne ya kumi na tisa mpaka Muhammad Ali, akawapanga wawili wawili kama ilivyo desturi ya mashindano. Waandishi na wajuzi wa ngumi wapatao 250 waliulizwa habari za kila bondia: wepesi wake, uzito wa pigo lake, ushujaa wake, na kadiri ngozi yake ilivyokuwa rahisi kuchanika. Majibu yao yaligeuzwa kuwa tarakimu, tarakimu zikatiwa katika kompyuta ya aina ya NCR 315, na kompyuta ikatoa mwendo wa kila pigano. Kisha mtangazaji aliusimulia mwendo huo redioni, raundi baada ya raundi, kwa sauti ya mtu aketiye kando ya ulingo. Mwisho wa yote Rocky Marciano alimwangusha Jack Dempsey katika raundi ya 13, akaitwa bingwa wa zama zote.

Hayo yangaliweza kupita kama mchezo wa kufurahisha watu jioni, lakini kulikuwa na jambo moja lililouma. Kabla ya kufika mwisho, mashine ilikuwa imeamua kwamba Ali alishindwa na James Jeffries. Ili kuufahamu uchungu wa hukumu hiyo, sharti mtu ajue Jeffries alikuwa nani, na Ali alikuwa katika hali gani mwaka ule.

Jeffries alikuwa bingwa tangu mwaka wa 1899 hata alipostaafu mwaka wa 1905. Katika muda huo hakukubali kumpa mtu mweusi nafasi ya kuupigania ubingwa wake. Jack Johnson, ambaye alikuwa mweusi, alingoja mpaka mwaka wa 1908, akaupata ubingwa huko Sydney kwa kumpiga Tommy Burns. Ndipo weupe wengi wa Marekani walipomsihi Jeffries atoke shambani kwake kuirudisha heshima waliyoiona kuwa yao. Tarehe 4 Julai 1910, katika mji wa Reno, Jeffries mwenye umri wa miaka 35 alipigana na Johnson, akashindwa katika raundi ya 15. Habari zilipoenea, ghasia zilizuka katika miji mingi, na watu waliuawa, wengi wao wakiwa weusi. Basi swali la wakati ule lilikuwa limekwisha jibiwa ulingoni, na damu ilikuwa imemwagika kwa ajili ya jibu lake.

Ali naye, tarehe 28 Aprili 1967, alikataa kuingizwa katika jeshi lililokuwa likipigana Vietnam, akitaja dini yake. Alinyang'anywa ubingwa na ruhusa ya kupigana. Alikuwa na umri wa miaka 25, ameshinda mapigano 29 bila ya kushindwa hata moja. Hivyo katika mwaka ule ule ambao milango ya kumbi zote ilifungwa mbele yake, aliingizwa bila ya kuulizwa katika ulingo wa kubuniwa, akashindishwa huko na mtu ambaye jina lake lilikuwa nembo ya ubaguzi. Mtu aliyezuiwa kuitumia mikono yake hakuwa na njia ya kujibu ila moja: alikwenda mahakamani, akadai dola 1,000,000 kwa kuharibiwa jina.

Kesi ile ilimalizwa kwa mapatano. Ali alikubali kulipwa fedha kidogo mno kuliko alizodai, na kushiriki katika filamu ya pigano baina yake na Marciano. Marciano alikuwa amestaafu mwaka wa 1956 akiwa ameshinda mapigano yake yote 49, na katika hayo 43 aliyamaliza kwa kumwangusha mpinzani. Mwaka wa 1969 alikuwa na miaka 45. Alijikondesha, akavaa nywele za bandia, akaingia studio pamoja na Ali. Wawili hao walipigana vipande vifupi vifupi mbele ya kamera, na miisho zaidi ya mmoja ilipigwa picha, ili baadaye ichaguliwe ile itakayopatana na hukumu ya kompyuta. Majuma machache baadaye, tarehe 31 Agosti 1969, Marciano alikufa katika ajali ya ndege. Filamu ilionyeshwa tarehe 20 Januari 1970, na watazamaji wakamwona marehemu akimwangusha Ali katika raundi ya 13. Ali alisema kwa mzaha kwamba kompyuta ile lazima ilitengenezwa Alabama.

Mzaha ule ulibeba hoja ambayo mwanahistoria hawezi kuipuuza. Mashine haikuwaona mabondia. Iliona maoni ya watu juu ya mabondia. Ikiwa wajuzi walimpunguzia mtu alama za ushujaa kwa sababu hawakupenda maneno yake, tarakimu zilibeba chuki hiyo bila ya kuitaja, na chuki ilipotoka upande wa pili ilikuwa imevaa joho la elimu. Mtu akimdharau mwenziwe kwa kinywa chake hujibiwa. Akimdharau kwa hesabu huaminiwa.

Tena, hata tarakimu zilizokusanywa kwa haki zina mpaka wake. Ali alirudishiwa ruhusa mwaka wa 1970, na tarehe 30 Oktoba 1974 alikutana na George Foreman mjini Kinshasa. Joe Frazier na Ken Norton walikuwa wamepata kumshinda Ali, naye akawashinda baadaye kwa alama tu. Foreman alikuwa amewamaliza wote wawili, kila mmoja katika raundi ya pili, na alikuwa hajashindwa na mtu. Mwenye kujumlisha na kutoa angalimpa Foreman ushindi bila ya kusita. Lakini Ali, aliyesifiwa kwa wepesi wa miguu, aliegemea kamba akamwacha Foreman apige mpaka mikono yake ikalegea, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Rekodi hueleza mtu alilokwisha kulitenda. Haielezi atakalolivumbua siku atakapobanwa.

Je, mchezo wa kuyarudia mapigano ya kale ni upuuzi mtupu? La. Mpaka leo wako watu wanaoyarudia kwa dadu, kwa kadi na kwa kompyuta, nao huweza kupata faida kubwa wakibadili swali. Woroner aliwachukua mabingwa tu, kana kwamba orodha ya mabingwa ni orodha ya walio bora. Lakini tangu Johnson aliposhindwa na Jess Willard huko Havana mwaka wa 1915, hapana mtu mweusi aliyepewa nafasi ya kuupigania ubingwa wa uzito wa juu mpaka Joe Louis alipompiga James Braddock mwaka wa 1937. Katika miaka hiyo 22 Harry Wills alimtafuta Dempsey asimpate, na Sam Langford, aliyeogopwa na wengi, alizeeka na kupofuka bila ya kuufikia ubingwa huo. Hao hawakuwamo katika mashine, kwa kuwa walikuwa wamezuiwa kuingia katika kumbukumbu.

Anayelirudia pigano la Dempsey na Wills hataweza kujua nani angalishinda. Atakachokijua ni kwamba pigano hilo halikuwako, na atalazimika kuuliza ni nani waliolizuia. Kadhalika, anayempa Ali miaka mitatu na nusu aliyokosa hatamrudishia hata siku moja, maana maji yakimwagika hayazoleki. Lakini atakuwa amepima ukubwa wa mtungi uliovunjwa, na kipimo hicho ni sehemu ya historia ya kweli.